Ofa za "mimi au nitakayemteua" zinakula mali ya mdaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madalali wenzangu wa hapa Tanga, na pia na maofisa wa benki wanaoshughulikia uuzaji wa nyumba zilizowekwa rehani, kuhusu maneno machache ambayo siku hizi yanapenyezwa katika barua za ofa na ambayo naamini yanawadhulumu watu wasiojua hata kama yameandikwa. Maneno yenyewe ni haya: "Mnunuzi ni mimi au mtu yeyote nitakayemteua." Nimefanya udalali wa nyumba na viwanja kwa miaka 19, nikianzia kwenye baraza ya duka la binamu yangu pale Barabara ya 12, Ngamiani, na barua ya kwanza ya namna hiyo kupita mikononi mwangu niliipeleka benki mimi mwenyewe bila kuyapima maneno yale.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Kijana anapata habari kwamba benki inauza nyumba ya mtu aliyeshindwa kurejesha mkopo. Anamtafuta dalali anayefahamika na tawi lile, anampa barua ya ofa yenye bei ya chini, na benki ikikubali anapewa muda wa kukamilisha malipo. Fedha hana, wala hakukusudia kuwa nazo. Kazi yake inaanza baada ya hapo: anamsaka mnunuzi wa kweli, anamtajia bei ya juu zaidi, kisha anamkabidhi ofa ile, na tofauti ya bei anaitia mfukoni. Sisi mitaani tunaiita cha juu. Nyumba haikuwahi kuwa yake hata kwa siku moja, hakuipaka chokaa wala hakubadilisha bati lake moja, na jina lake halitaonekana popote katika hati.

Wengi wa vijana hawa wamejifunza mbinu hiyo kwenye video za Marekani, na ni haki nieleze kule inavyofanya kazi kabla ya kusema kwa nini hapa inaumiza. Kule benki ikishamaliza taratibu za kuichukua nyumba ya mdaiwa, na isipotokea mtu wa kuinunua katika mnada, nyumba inakuwa mali ya benki yenyewe, kwa jina lake. Benki inaikabidhi kwa wakala mwenye leseni, wakala anaitangaza na kupokea ofa, na kila ofa yenye uzito huambatana na barua inayothibitisha kwamba fedha zipo, pamoja na arbuni, yaani malipo ya awali ya kuonyesha nia. Wapo wawekezaji wanaoongeza baada ya jina lao maneno yanayowaruhusu kumkabidhi mtu mwingine mkataba huo. Lakini hata kule benki nyingi huambatanisha masharti yao yanayokataza jambo hilo waziwazi, na ndiyo maana wajanja wakaanza kununua kwa jina la kampuni ili baadaye waiuze kampuni, au kufanya mauzo mawili ya nyumba moja katika siku moja. Shirika la Fannie Mae, ambalo kule hununua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji na limewahi kumiliki nyumba nyingi za namna hiyo, liliweka utaratibu wa kuwapa nafasi ya kwanza watu wanaotaka kuishi ndani ya nyumba, na likawa linaandika katika hati kwamba mnunuzi asiiuze tena kwa zaidi ya asilimia 120 ya bei aliyonunulia ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Katika jimbo la Illinois, tangu 2019 mtu anayefanya biashara hii zaidi ya mara moja katika miezi 12 anatakiwa awe na leseni ya uwakala. Haya yote video hazielezi, au zinayapita mbio.

Hata hivyo si hapo penye kiini cha barua yangu. Kiini ni kwamba hapa kwetu "nyumba ya benki" ni jina la mitaani tu. Mara nyingi nyumba hiyo si ya benki hata kidogo. Benki inaiuza kwa mamlaka ya mwenye rehani, yaani mkopeshaji aliyewekewa nyumba kama dhamana, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 pamoja na marekebisho yake, baada ya kumpa mdaiwa notisi ya siku 60, na jina lililomo katika hati linabaki kuwa la mdaiwa mpaka siku uhamisho utakaposajiliwa kwa Msajili wa Hati. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 133, inaibebesha benki wajibu wa kutafuta bei nzuri kuliko zote inayoweza kupatikana wakati wa kuuza, na inasema kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei za soko za nyumba zinazofanana nayo, itachukuliwa kuwa benki imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Kisha sheria hiyo inapanga fedha za mauzo ziende wapi: zinatolewa gharama za kuuza, deni la benki na madeni mengine yaliyowekewa rehani nyumba ileile, na kinachobaki ni cha mdaiwa.

Kinachobaki ni cha mdaiwa. Naomba madalali wenzangu wayasome maneno hayo polepole, kwa sababu ndiyo yanayotutenganisha na Marekani. Kule, nyumba ikishakuwa mali ya benki, anayeshinda kwa kununua rahisi anaishinda benki, na benki ina mawakili wa kujitetea. Hapa kila shilingi anayoitia mfukoni mtu wa kati imetoka katika fungu la mwisho, fungu la familia iliyotolewa nyumbani.

Nitoe mfano wa hesabu. Tuseme nyumba ya Chumbageni ina thamani ya soko ya shilingi milioni 80, na deni pamoja na riba ni milioni 45. Kijana anapeleka ofa ya milioni 62. Bei hiyo iko chini ya soko kwa asilimia 22 na nusu, yaani imekaa ndani ya mstari wa sheria kwa milioni 2 tu, na wanaoijua biashara hii hupanga hivyo kwa makusudi. Benki inakubali kwa kuwa deni lake litalipwa lote. Baada ya wiki tatu anapatikana mnunuzi wa kweli anayelipa milioni 74. Milioni 62 zinakwenda benki na milioni 12 kwa kijana. Ukitoa gharama za kuuza, tuseme milioni 3, mdaiwa anarudishiwa milioni 14. Kama benki ingemuuzia yule mnunuzi wa kweli moja kwa moja, mdaiwa angerudishiwa milioni 26. Kwa milioni 12 mtu ananunua kiwanja nje ya mji na kuanza msingi. Mdaiwa huyu hajui kwamba fedha hizo zilikuwapo, kwa sababu karatasi atakayoonyeshwa benki, kama ataonyeshwa, ina bei moja tu.

Na hapo biashara imefanikiwa. Ikishindikana, hali huwa mbaya zaidi, na hili nimelishuhudia mwenyewe.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja mstaarabu, anayezungumza vizuri, alinijia akiwa na barua iliyokwisha kuchapwa, akaniomba niipeleke katika tawi la benki moja ambako maofisa walinijua. Ilikuwa ni ofa ya nyumba ya vyumba vinne iliyoko Mabawa, ya mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki aliyekopa kupanua duka, kisha duka likafa. Mstari wa pili wa barua ile ulikuwa na maneno niliyoyataja juu. Niliyaona. Nilidhani ni lugha ya kisheria ya kawaida, na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi na kijana alikuwa ameniahidi ujira mzuri, sikumuuliza fedha ziko wapi. Benki ikakubali, ikampa siku 30, wala haikumdai arbuni.

Kuanzia wiki ile tukawa tunapeleka watu kuitazama nyumba. Ndani alikuwa bado anaishi mama mzazi wa mdaiwa, bibi wa makamo ya miaka sabini hivi, ambaye jioni alikuwa akichoma vitumbua barazani na kuuzia majirani. Mara ya kwanza alisimama, akafunika chuma chake cha vitumbua, akajifuta mikono kwa kanga, akatufungulia chumba kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa umeme wa luku ulikuwa umekwisha alitumulikia kwa tochi ya simu hadi darini penye alama za maji ya mvua. Alidhani mgeni niliyekwenda naye ndiye mnunuzi. Siku mbili baadaye nikaja na mwingine, kisha wengine. Safari ya nne akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si mliniambia imeshanunuliwa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Safari ya saba hakuinuka tena. Aliacha milango yote wazi na kuendelea kugeuza vitumbua vyake, nasi tukapita ndani kama tunapita sokoni.

Katika siku hizohizo nesi mmoja alikwenda benki akiwa na fedha taslimu katika akaunti, kiinua mgongo cha mumewe, akiitaka nyumba ile ili aishi na wanawe. Aliambiwa nyumba imeshapata mteja. Alikwenda zake, akanunua kwingine, upande wa Kange. Siku 30 zilipoisha kijana hakuwa amepata wa kumkabidhi ofa yake, simu yake ikawa haipatikani, na benki ikarudi mwanzo. Muda wote huo riba ilikuwa inaendelea kuhesabiwa. Nyumba ikapelekwa mnadani, na ilipogongwa nyundo bei ilikuwa pungufu kwa milioni 9 ukilinganisha na fedha za yule nesi. Kijana hakupoteza hata senti. Mimi nilipoteza nauli na siku zangu. Aliyelipa yote hayo ni mtu ambaye hakuwahi kuiona barua ile, na mama yake leo anaishi katika chumba cha kupanga Mikanjuni.

Sisemi kila ofa yenye jina la pili ni ya hila. Kwetu pwani kuna mtu aliye Muscat anayemtuma mdogo wake amnunulie nyumba; kuna ndugu wawili wanaochanga na hawajakubaliana hati iandikwe jina la nani; kuna watu wanaosubiri usajili wa kampuni yao ukamilike. Hao wote wana njia nyepesi: wamtaje huyo wa pili kwa jina katika barua tangu siku ya kwanza, na walete fedha. Ninalolipinga ni jina lisilokuwapo, lililoachiwa nafasi tupu ili lijazwe na yeyote atakayelipa zaidi.

Nafasi hiyo tupu ina hatari kwa benki pia. Kwa kanuni za kawaida za mikataba, mtu anaweza kumpa mwingine haki yake, lakini mzigo wa kulipa hawezi kumtupia mtu mwingine bila ridhaa ya anayedai. Benki inayopokea barua ya "nitakayemteua" bila neno imejiingiza katika jambo ambalo haijui litaishia kwa nani. Ardhi yetu haimilikiwi na mtu asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu maalumu, na hapa Tanga, tangu ulipoanza mradi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, wageni wanaoulizia nyumba na viwanja wameongezeka. Ofisa anayeidhinisha ofa bila kumjua mnunuzi anaweza kugundua siku ya uhamisho kwamba aliyekabidhiwa hana sifa ya kumiliki, na wakati huo miezi imeshapita. Serikali nayo inakosa chake, kwa maana milioni zile 12 za mfano wangu hazikupita katika mkataba wowote unaofika Mamlaka ya Mapato wala hazikulipiwa ushuru wa stempu.

Najua vijana watanijibu kwamba wanaisaidia benki kupata wanunuzi, na kwamba jasho lao lina haki ya kulipwa. Jasho lina haki ya kulipwa, nami ndilo ninaloishi kwalo. Lakini kumtafutia muuzaji mnunuzi ni udalali, na udalali una malipo yanayojulikana, yaliyokubaliwa na muuzaji kabla, tena yanayoandikwa. Ukipangisha nyumba unachukua kodi ya mwezi mmoja na kila mtu anajua. Ukiuza unakubaliana asilimia yako na mwenye mali. Cha juu kinatofautiana na hayo kwa sababu kinaishi kwa kufichwa: siku benki ingejua kwamba yuko mtu wa milioni 74, isingeuza kwa 62. Na dalali anayebeba ofa ya aina hii huku naye ameahidiwa kipande cha cha juu amesimama pande mbili kwa wakati mmoja. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mwenye kazi kudai faida ambayo wakala wake ameipata kwa kujifanyia biashara yake ndani ya kazi aliyotumwa bila kumwambia. Sidhani kama wengi wetu tunalijua hilo. Wathamini wamepata sheria yao ya mwaka 2016 na bodi inayowasajili. Sisi tumejiendea kwa mazoea, na mazoea hayo yamebeba mengi mazuri na haya mabaya pamoja.

Ninachoomba si kikubwa. Naomba kila tawi la benki hapa Tanga lisipokee ofa ya nyumba ya rehani bila kuonyeshwa kwamba fedha zipo, iwe ni taarifa ya akaunti au barua ya mkopo uliokwisha kuidhinishwa, na bila arbuni ambayo mnunuzi ataikosa asipotimiza. Katika mnada wa kutekeleza hukumu ya mahakama mnunuzi anatakiwa kuweka asilimia 25 papo hapo na kumaliza iliyobaki ndani ya siku 15. Sioni kwa nini anayenunua kwa makubaliano ya faragha, kwa barua ya ukurasa mmoja, asidaiwe hata asilimia 10. Naomba pia barua ya benki ya kukubali ofa iseme kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba ofa haikabidhiwi kwa mtu mwingine bila idhini ya maandishi, na kwamba idhini hiyo ikiombwa, anayeomba ataje bei ambayo huyo mwingine anailipa. Bei hiyo ikiwa kubwa zaidi, benki iuze kwa bei hiyo na mdaiwa apelekewe nakala ya hesabu.

Na wakati ofa moja inasubiri malipo, zilizokuja nyuma yake zisifukuzwe. Ziandikwe, pamoja na namba za simu. Kama yule nesi angeandikwa katika daftari la tawi lile, siku ya 31 angepigiwa simu, na mnada usingekuwapo.

Kwa madalali wenzangu, sina la kuwaamuru. Nawaeleza tu ninavyofanya mimi sasa. Mtu akiniletea ofa ya nyumba ya rehani, namuuliza mbele ya shahidi mambo mawili: fedha ziko wapi leo, na hati itaandikwa jina la nani. Majibu yote mawili nayaandika, naye anatia sahihi. Mwaka jana wanne walikataa kutia sahihi wakaenda kwa madalali wengine, na mmoja wao alikuwa na ujira ambao ningeuhitaji sana mwezi ule. Aidha, kabla sijapeleka barua yoyote nakwenda kwa mwenye nyumba, namwambia kwamba chochote kitakachozidi deni na gharama ni chake kisheria, na kwamba ana haki ya kuidai benki hesabu. Karibu wote wananishangaa. Walidhani kwamba nyumba ikishaingia mikononi mwa benki, imekwenda na kila kilichomo.

Ningefurahi, Ndugu Mhariri, kama mameneja wa matawi yaliyoko Tanga mjini, pamoja na Muheza na Korogwe, wangejibu kupitia ukurasa huu swali moja: je, wanakubali ofa za kukabidhiana, na wakikubali, ni nani anayemwambia mdaiwa? Nakala ya barua ile ya Mabawa bado ninayo, na yeyote kati yao atakayetaka kuuona mstari wa pili nitamletea ofisini kwake.

Wako mwaminifu,
Dalali wa nyumba na viwanja,
Ngamiani, Tanga